Mikoko Tuliyoipanda Juu ya Njia Yetu

Mgeni rasmi, pamoja nanyi nyote mlioacha shughuli zenu,

Karibu

Karibu sana ufukweni kwetu. Tumefurahi kukuona, ingawa asubuhi mwenzetu mmoja aliuliza kama leo ni sherehe au kesi.

Tulikotoka

Sisi ni wanawake wachokoa chaza. Mama zetu walitusomesha kwa ndoo na kisu. Kisha wakaja watu wa mabwawa ya chumvi, tukaambiwa kateni mikoko, chumvi ndiyo maendeleo. Tukakata. Mabwawa yakafungwa, ikaja kampuni, tukaambiwa pandeni mikoko, kampuni itauza hewa yake safi kwa watu wa mbali. Tukapanda. Hewa yenyewe hatujaiona ikipakiwa, lakini tunasikia biashara ni nzuri.

Mafanikio

Msitu umerudi, samaki wadogo wamerudi, nasi tulisifiwa kwa kutoacha pengo hata moja.

Changamoto

Hapo ndipo tulipojikwaa. Kwa kupenda sifa, tulipanda mpaka kwenye njia yetu wenyewe ya kushukia majini. Sasa miche imeshika mizizi, kuing'oa ni kosa, na chaza wako upande wa pili.

Juzi mwenyekiti wetu aliingia na ndoo yake, akang'oa miche michache apate pa kupita. Mlinzi wa kampuni aliyemkamata ni mume wa binti yake.

"Mama, toka huko, utaniponza," alisema huku akiangalia chini.

"Mwanangu, huu mche si niliupanda mimi?"

"Ndiyo, mama. Ila sasa si wako."

"Wa nani?"

Mkwe alifikiri, akasema atauliza. Mpaka leo hajaleta jibu, na kwa aibu hakanyagi tena nyumbani kwa mama mkwe. Mwenyekiti amezuiwa kuingia msituni hadi wewe utoe uamuzi. Ana wajukuu wanaomtegemea na kazi nyingine haijui. Ndiyo maana risala hii inasomwa na katibu. Mwenyekiti mwenyewe anatusikiliza kutoka nje ya uzio huu wa kampuni. Tumechanganyikiwa, mheshimiwa, na inatuuma.

Maombi

Tunaomba mwenyekiti arudi kazini. Tunaomba njia moja tu, upana wa mama na ndoo yake. Na kabla hujakata utepe uliofungwa mbele ya msitu, tafadhali tuonyeshe tusimame upande gani.

Mungu akuzidishie afya na akufikishe kwako salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wachokoa Chaza