Mzee Abeli na Usukani Alioufungua Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Abeli Niyonzima anakabidhi funguo za karakana yetu hapa Biharamulo baada ya kulitumikia gari la wagonjwa, gari la chanjo na kila chenye magurudumu katika huduma yetu ya kliniki ya mkoba kwa miaka thelathini na mmoja. Mungu amempa kufika siku hii akiwa na afya, na vidole vyote kumi, jambo ambalo si kila fundi hujaliwa.

Aliingia nchini akiwa mtoto wa miaka saba, pamoja na wazazi wake waliotoka Burundi, wakapewa shamba Bukiriro. Huko ndiko alikosoma, akabatizwa, na kujifunza ufundi kwa kumshikia taa fundi wa misheni. Alianza kazi kwetu mwaka 1994 akiwa msaidizi. Miaka tisa baadaye akawa fundi mkuu, na hajawahi kuomba ofisi. Kiti chake ni tairi lililolazwa mlangoni.

Waliofanya naye kazi wanajua tabia zake. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kisha anafumba macho kama mtu anayesali. Lile gari letu kongwe, lililotangulia kuajiriwa kabla yake, alikuwa akilipa shikamoo kila asubuhi, na siku likikataa kuwaka alituambia halijaitikia marahaba. Wauguzi wapya walicheka. Baada ya mwezi nao walikuwa wanaliamkia.

Lakini mimi niliyepewa kuandika maneno haya naona ningekuwa mwongo kama ningesifu mikono yake tu. Nataka niseme habari ya gari jeupe.

Mwaka juzi tuliletewa springi na shokapu mpya, ngumu na ndefu kuliko za kiwandani, ili gari jeupe linyanyuke na kuvuka mashimo ya njia ya Nyakisasa. Mzee Abeli alizifunga kwa siku mbili. Gari likasimama juu, zuri, tukalipiga picha. Tangu wiki ile, ile taa ya dashibodi yenye alama ya gari linaloteleza ikawa inawaka hata barabara ikiwa kavu. Madereva walizima gari na kuwasha tena, taa ikapotea, kisha ikarudi. Sisi wahudumu tunaokaa viti vya nyuma ilituudhi, basi nikachukua plasta ya kidonda, nikaibandika juu yake. Nilidhani nimesaidia.

Jumanne moja, dereva wetu Bulugu alikuwa akishuka mteremko wa Nyakisasa na wauguzi wawili na sanduku la chanjo. Kwenye kona ndogo gari lilijifunga breki kwenye gurudumu moja, likavuta upande, likaingia mtaroni. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Bulugu alieleza kwamba hakugusa breki, ila alihisi kama mtu amemshika usukani. Nani angemwamini? Madereva wenzake walimuuliza kama siku hizi anasafiri na mto wa kulalia. Ofisi ikamsimamisha kazi akisubiri kikao cha Jumatatu, na kila mtu alijua kikao kile kitaishaje, maana karatasi ya karakana ilisema gari ni zima. Sahihi ilikuwa ya Mzee Abeli.

Siku tatu Mzee hakutania mtu. Ijumaa gari likiwa limeshatolewa mtaroni na kunyooshwa bodi, aliliendesha peke yake nje ya mji. Kwenye kona ambayo mtoto wa baiskeli angeipita bila kufikiri, gari likajifunga breki. Hakurudi karakana. Alikwenda moja kwa moja kwa Jovina, fundi wa umeme wa magari pale mjini, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Jovina alichomeka mashine, akanyoosha magurudumu sawasawa, kisha akamwonyesha kioo cha mashine. Magurudumu yalitazama mbele, lakini gari lilisoma kwamba usukani umekatwa kushoto. Kwa hiyo hata likienda sawa lilidhani linateleza, na kwenye kona likajaribu kujiokoa kwa breki.

Hapo Mzee akakumbuka. Baada ya kufunga springi zile, usukani ulikaa upande. Akafanya alivyofanya maisha yake yote kwa magari ya zamani: akafungua nati, akauchomoa, akaurudisha ukiwa umenyooka, macho yakapendezwa. Kwa gari la zamani hiyo ni kazi safi. Gari hili lina sensa, kidude kinachopima mzunguko, kwenye shina la usukani, nayo ilibaki ikisoma kushoto hata usukani uliponyooka. Jovina aliurudisha mahali pake, akanyoosha magurudumu kwa kurekebisha fimbo za chini zinazoyashika, akaifundisha kompyuta upya katikati ni wapi. Plasta ilipobanduliwa taa ilikuwa imezimika, haijawaka hadi leo.

Mzee angeweza kunyamaza. Gari lilikuwa limepona, na aliyeujua ukweli alikuwa Jovina tu, asiye mwajiriwa wetu. Mzee alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na hajawahi kuandikiwa barua ya onyo hata moja. Jumatatu asubuhi, kwenye sala ya kuanza kazi, kabla ya kikao, alisimama na kofia mkononi.

“Bulugu hakulala,” alisema. “Usukani niliuchomoa mimi, nikaurudisha mimi, na sikumwambia mtu. Kosa ni langu.”

Nami nikajikuta nimesimama, nikasema habari ya plasta. Mama Selestina, mkuu wetu, akauliza kama kuna mwingine mwenye lake. Watu wakacheka kwa kuogopa. Bulugu hakucheka. Alimwendea Mzee, akamshika mikono yote miwili.

“Mzee wangu,” alisema, “mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nililala.”

Mzee aliandikiwa barua, ya kwanza na ya mwisho, akaipokea kwa adabu. Bulugu akarudi kazini siku ileile. Na tangu hapo ukuta wa karakana una ubao mweusi. Fundi akifungua kitu chochote cha gari, hata nati moja, anaandika kwa chaki na jina lake. Hana ruhusa ya kufuta. Anayefuta ni dereva, akishaenda na kurudi.

Wiki iliyopita Mzee Abeli alibadilisha breki za gari jeupe, akaandika kwa mwandiko wake uleule wa kulala. Bulugu akaenda Nyakisasa, akarudi. Alisimama mbele ya ubao na kitambaa mkononi, akasema breki ni nzuri ila mwandiko ule hafuti. Mpaka leo maandishi yapo.

Mzee Abeli, asante kwa kutufikisha na kuturudisha. Wewe na mkeo mama Yuster mkae vema Bukiriro, migomba izae, magoti yasiume, na Bwana awape siku nyingi za amani.

Deodata, mhudumu wa afya