Odilon Aliyejibiwa na Kijiwe

Benchi la Vila dos Trilhos liling'olewa stesheni wiki ile treni ya mwisho iliposimamishwa, likaegemezwa kwenye ukuta wa duka la mikate, na waliolibeba hawajaliacha tangu siku hiyo. Jumamosi hiyo umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi na upepo wa kusini ulikuwa unatafuta mifupa ya watu, lakini watatu walikuwa wameshafika. Kinanda, aliyepiga akordeoni kwenye harusi za nusu ya mji, alikuwa na chupa ya chai kwapani na mkononi kibuyu cha mate, yale majani machungu yanayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Yeye ndiye mmiminaji, na kibuyu huzunguka kwa zamu, mrija mmoja kwa wote, bila kuruka mtu. Pembeni yake alikaa Wanyama, aliyeitwa hivyo kwa kucheza bahati nasibu ya wanyama, ile ambayo kila namba ina mnyama wake, tangu hajaota ndevu, na mpaka leo anasubiri mbuni wake atoke. Wa tatu alikuwa Valdomiro, waliyemwita Reli kwa sababu hakuna aliyeililia treni kama yeye. Reli alikuwa anamngoja Jussara, mpwa wa Kinanda, aliyesomea takwimu na sasa yuko kwenye mradi wa kituo cha afya unaowahoji watu wa mtaa kila mwaka. Alitaka kumwuliza swali moja tu: kwa nini muuguzi ameacha kugonga mlango wa mdogo wake, Odilon.

— Atakuja kweli huyu? aliuliza Reli.

— Mpwa wangu akisema anakuja, anakuja. Nyonya, zamu yako, alisema Kinanda.

— Msomi na baridi hii? alisema Wanyama. Msomi haendi kwenye baridi, anaisoma kwenye kipimo akiwa chini ya blanketi.

Jussara akatokea kona ya pili, amejifunga shali mpaka puani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Tulikuwa tunakusifu, alisema Wanyama.

Wakambana katikati, Kinanda akammiminia. Reli hakungoja amalize hata fundo la kwanza.

— Mwanangu, sitakuzungusha. Muuguzi Neiva alikuwa anampitia Odilon kila wiki. Anampima presha, anamsema kidogo kuhusu chupa, wanakula mkate pamoja. Tangu Pasaka hajatokea. Nimekwenda kituoni, wananiambia eti kompyuta imesema mtaa wetu hauhitaji tena. Hiyo kompyuta ya nani?

— Yangu, mzee Reli. Ndiyo maana nimekuja.

— Basi iambie imekosea.

— Ingekuwa imekosea hesabu ningeshairekebisha. Hesabu imekaa sawa, na mimi silali.

— Ongea na sisi kama binadamu, bibie, alisema Wanyama. Hatukusoma, lakini si mawe.

Jussara akavuta fundo moja kwenye mrija.

— Kila majira ya baridi mnaulizwa maswali yale yale, si ndiyo? Unakunywa kila siku, mara moja moja, au umeacha? Una kibarua? Usingizi unakuja? Una mtu wa kula naye? Hayo majibu ndiyo tunayoyaona. Lakini tunachokitafuta ni hali ya mtu iliyo nyuma ya majibu, na hiyo haionekani.

— Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema Kinanda.

— Hapo hapo, mjomba. Sasa sisi kata hatuna. Tuna majibu tu, tunaukisia mtungi. Nilijaribu kuwagawa watu kwenye hali mbili, haikukaa. Nikajaribu nne, ikawa vurugu. Tatu zikatulia: walionaswa na pombe, wanaoyumba, na waliotulia. Halafu tunapima kuhama. Aliyenaswa mwaka huu, mwakani ana uwezekano gani wa kuyumba? Anayeyumba ana uwezekano gani wa kutulia, au wa kurudi kunaswa?

— Na mwaka juzi je? aliuliza Reli. Na miaka ile aliyokunywa mpaka akauza vitasa vya milango yake?

— Hiyo haiingii. Ukishajua mtu yuko hali gani leo, ya nyuma hayakuongezei kitu kuhusu kesho. Ndivyo tunavyodhania.

Wanyama akapiga paja.

— Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo! Kompyuta hii imelelewa na wakubwa.

Reli alilipenda neno hilo kuliko alivyotaka waone. Kwa miaka mingi alikuwa anamtazama Odilon akianza upya, na kila akianza upya watu wanamkumbusha alivyoanguka mara iliyopita. Mahali ambapo mtu anaulizwa leo tu, bila jana yake, palikuwa pazuri mno. Moyo wake ulilegea, akadhani labda msichana huyu ana dawa.

— Mimi sikubali, alisema Kinanda. Aliyeacha pombe juzi na aliyeacha tangu ujana wake utawatia kapu moja? Jana ya mtu inatembea naye kama kivuli.

— Unaweza kuiambia ikumbuke miaka miwili nyuma, mjomba. Nimejaribu. Lakini kila kumbukumbu unayoiongezea inadai watu wengi zaidi wa kupimia, na huu mtaa watu wamebaki wangapi? Inaanza kuweweseka.

— Kama mimi, alisema Wanyama. Sasa nisikilizeni. Hii kitu naijua miaka yote. Bahati nasibu yetu ndiyo hiyo hiyo. Jana katoka nyoka, leo katoka kipepeo. Sisi tunaona mnyama tu, lakini nyuma yake kuna hali. Kuna hali ya mvua, kuna hali ya uchaguzi, kuna hali ya mchezeshaji kugombana na mkewe. Mbuni wangu hatoki kwa sababu hali yake bado haijahamia.

— Mbuni wako kafa, mzee.

— Mbuni hafi, Kinanda. Mvumilivu hula mbivu.

— Mvumilivu wewe unakula ganda.

— Twende mbali zaidi, alisema Wanyama, na sasa macho yalikuwa yamemtoka. Nani alituambia treni imeondolewa? Serikali. Nani aliiona ikiondoka? Sisi tuliona haiji, basi. Hilo ni jibu tu. Hali yenyewe imefichwa. Treni ipo, imehamishiwa kule nyuma, inapita kila siku na abiria wake, na sisi tumekaa upande wa majibu.

— Na ipite na wewe, alisema Kinanda. Jussara, hizo hali zako tatu zimepungua. Ya nne ni hili benchi. Nililikalia nikiwa na nywele. Umeshaona mtu ametoka hapa?

— Mwenzetu Beto alitoka, alisema Wanyama.

— Beto alikufa.

— Si katoka?

Walicheka wawili. Jussara hakucheka.

— Hali ya kuingia bila kutoka ipo kwenye hesabu zetu, alisema. Ukishaingia, uwezekano wa kubaki humo ni kamili, wa kutoka ni sufuri.

Kibuyu kilimfikia Reli, akakishika tu.

— Odilon yuko ipi? aliuliza.

— Hapo ndipo ninapokosa usingizi, mzee wangu. Majibu ya Odilon ni mazuri kuliko ya mtaa mzima. Mwaka wa kwanza amenaswa kabisa. Unaofuata anayumba. Halafu ametulia, ametulia. Mtu ambaye hapa hapa mmeniambia aliuza vitasa vya milango. Nikajiuliza, wahojaji walikuwa wanamkuta wapi?

Wanyama akajikohoza, akajiweka sawa kama mtu anayeitwa kupokea zawadi.

— Mwaka ule wa mafuriko mimi ndiye niliyemjibia. Wahojaji walikuja hapa benchini, wakauliza Odilon yuko wapi. Nikawaambia ametoka, yuko kibaruani, niulizeni mimi. Kibarua chenyewe nilimpa kizuri, nilimwajiri kwenye ghala la ngano.

— Na mimi mwaka uliofuata, alisema Kinanda. Nikasema hanywi ila divai ya kanisani.

— Odilon haendi kanisani, alisema Wanyama.

— Ndiyo uzuri wenyewe, ina maana hanywi.

— Nami nilimjibia mwaka jana, alisema Reli. Nikasema analala kama mtoto, na Jumapili anakula kwangu.

— Alikuwa anakula kwako? aliuliza Jussara.

— Alikuwa anakaribishwa.

Mate yalikoroma mwishoni mwa mrija. Hakuna aliyenyoosha mkono kukichukua kibuyu.

— Bibie, usitutazame hivyo, alisema Wanyama. Mtu mwenye kitambulisho shingoni hapewi aibu ya mwenzio. Tangu enzi za karakana ya treni ilikuwa hivyo. Msimamizi akija, mlevi yuko chooni, mgonjwa kaenda kuchukua spana. Samaki mmoja akioza wote wameoza, sasa wewe unataka tumtoe mmoja tuoze wote?

— Na wengine mliwajibia?

— Nani hatukumjibia? alisema Kinanda. Beto tulimjibia mpaka akawa mzima kuliko daktari. Yule fundi wa paa. Mume wa jirani yetu Iraci. Wao pia walitujibia tulipokuwa tumelala kwenye mtaro.

Jussara alijifunika uso kwa shali. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

— Mjomba, ile hesabu inajua watu hudanganya. Imeandaliwa hivyo. Huyu atapunguza chupa, yule ataongeza kibarua, mwingine ataongopa usingizi, na kila uongo unakwenda upande wake, kwa hiyo hesabu inausamehe na kuuona ukweli katikati. Lakini haikuandaliwa kwa mtaa mzima unaodanganya kwa mdomo mmoja. Mlipanga kibarua na chupa na usingizi na chakula vikaimba pamoja. Hesabu ikaamini. Ikasema: wanaume wa Vila dos Trilhos, wakinaswa, hutoka wenyewe. Hawahitaji mtu.

— Ndiyo wakamwondoa Neiva, alisema Reli.

— Wamempeleka mtaa wa kiwanda cha nyama. Kule watu walisema kweli.

Upepo uligeuka ukawapata usoni. Reli akamrudishia Kinanda kibuyu. Alikuwa amekuja kudai haki ya mdogo wake, na kumbe aliyemnyang'anya ni kijiwe hiki, pamoja na yeye, kwa mapenzi.

— Yafute, alisema. Yale majibu yetu. Yafute yote.

— Naweza kuyafuta. Lakini nikiyafuta, Odilon anabaki na jibu la mwaka wa kwanza tu. Kwingine kote ni pengo. Na hesabu ikikuta pengo, inalikisia kwa kuwaangalia watu walio kama yeye.

— Walio kama yeye ni akina nani?

— Ni ninyi mliojibiana, mzee Reli.

Kinanda alitikisa chupa ya chai, akamimina, maji yakatoka vuguvugu, akayamwaga chini.

— Nifanyie jambo moja, alisema Jussara. Nipeleke kwake sasa hivi. Nimwulize mwenyewe, kwa mdomo wake, hata akinitukana. Jibu moja la kweli halitamrudisha Neiva wiki hii, ila nitakuwa na kitu cha kuwawekea wakubwa mezani.

— Tutakwenda, alisema Reli. Jua lipande kidogo.

— Twende sasa, mzee.

— Nimesema tutakwenda.

Hakutaka kusema kwamba hajakanyaga kule tangu mwisho wa kiangazi. Mara ya mwisho alikwenda na sufuria ya maharage, akamsikia Odilon akikohoa nyuma ya mlango, kikohozi cha mtu aliyekunywa tangu alfajiri, na mkono wake ukakataa kubisha. Alirudi na maharage yake, akayala mwenyewe. Baada ya hapo alijiambia Neiva yupo, Neiva anamwona. Alikuwa na haya, na zaidi ya haya alikuwa na woga wa kufungua mlango ule na kumkuta mdogo wake alivyo.

Basi la kutoka jijini Porto Alegre lilisimama mbele ya duka la mikate, akashuka mwanamke mmoja mwenye begi la mgongoni. Reli alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Ni Luciene, binti wa Odilon, aliyechukuliwa na mama yake akiwa bado mdogo na ambaye huja mara moja moja. Lakini hakuja kwenye benchi moja kwa moja. Alivuka barabara, akapotea uchochoro wa nyuma ya ghala kulikokuwa na chumba cha baba yake.

— Umeona, alisema Wanyama taratibu. Binti kaja. Atamkuta. Atamkuta tu.

Luciene alirudi upesi. Akavuka tena barabara, akasimama mbele yao, pua nyekundu kwa baridi.

— Shikamoo baba mkubwa. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Reli.

— Nimetoka chumbani kwa baba. Kuna mtu mwingine anakaa pale, na mke na mtoto mchanga. Wanasema baba alihama kabla ya baridi kuanza, hakuaga. Mwenye nyumba hajui kaenda wapi. Wamesema niwaulize ninyi, mnajua kila kitu chake.

Alimtazama Kinanda, akamtazama Wanyama, akamrudia baba yake mkubwa.

— Analala wapi siku hizi?

Wanyama alitazama viatu vyake. Kinanda alianza kufunga kizibo cha chupa, akafunga kilichokwisha kufungwa. Jussara aligeukia upande wa nyasi zilizoganda.

— Yupo, alisema Reli.

— Wapi, baba mkubwa?

Luciene alishusha begi, akaliweka miguuni, akangoja. Hakuna aliyejua.