Futi, Fundi wa Makoti ya Makocha

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliokuja na jezi za zambarau mkajaa mpaka barabarani: mliopata viti mkae, mliokosa mtuvumilie. Mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja ikaniambia niseme mazuri. Mazuri nitayasema. Lakini marehemu hakupenda uongo, na mimi nimemwonea wivu tangu nijue kutembea. Nikisoma hapa kama malaika, wanaonijua watacheka msibani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Futi, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mlinzi wa kiwanda na mama aliyefulia watu nguo. Alizaliwa Jumanne na amefariki Jumanne. Hata kwa hilo alikuwa mtu wa vipimo. Mimi nilikuja miaka miwili baadaye nikakuta nafasi zimeshachukuliwa. Mama alipotuita chakula alisema, "Mwanangu, njoo ule. Na mwenzako." Huyo mwenzako ndiye mimi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968 katika shule ya msingi iliyopakana na uwanja wa mpira. Kiingilio hatukuwa nacho, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda nyuma ya ukuta wa uwanja. Mtu wa akili angemweka mdogo mabegani kwa mkubwa. Sisi ilikuwa kinyume. Marehemu alidai macho yake ni makali kuliko yangu, akanipanda mabegani, nami nikaona mechi zote za utoto wangu kwa mdomo wake. Siku moja ya mwaka 1972 bao likaingia dakika ya mwisho. Akaruka. Tukaanguka wote wawili, nikavunjika mtulinga wa kushoto. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima, badala ya kuniomba radhi, alinisimulia lile bao. Mfupa uliunga, lakini bega langu la kushoto limeshuka mpaka leo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974. Baba alipofariki mwaka uliofuata, yeye aliacha shule akajifunze ushonaji ili mimi niendelee. Wema huo nao uliniudhi, kwa sababu kila aliyenipongeza kwa kusoma alimsifu yeye kwanza.

Kazi aliianza Januari 1977 kwa mzee mmoja fundi, akafungua duka lake mwaka 1984 mkabala na geti la tatu la uwanja. Lilikuwa duka la cherehani moja ya mguu, pasi ya mkaa, meza ya kukatia, na sanamu la mbao lisilo na kichwa ambalo watoto waliliogopa. Mwaka 1996 klabu ilimpa kazi iliyompa jina. Mnajua desturi ya klabu yetu: kocha mpya hatambulishwi kwa jezi, hutambulishwa kwa koti la zambarau, na koti hilo ni la kushonwa. Koti zuri linataka siku tisa. Kwa hiyo karatasi ya vipimo ilimfikia fundi mapema, na mara nyingi mno ilimfikia kabla ya usaili.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Tangazo la kazi lipo ukutani, waombaji wanapanga vyeti vyao, na kaka yangu anakata kifua cha mtu ambaye hajaulizwa hata swali moja. Siri ya mteja hakuitoa. Hakutaja jina wala hakuonyesha karatasi. Alikuja tu jukwaani Jumapili, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Koti limeshakatwa." Basi! Uwanja mzima ukaipokea. Tumeiimba kwa shemeji wa mweka hazina, aliyedumu mechi sita. Tumeiimba kwa yule rafiki wa mwenyekiti aliyeuliza beki wa kushoto ni yupi. Mwaka 2006 mashabiki mlimchagua Futi mwenyekiti wa tawi, na tangu siku hiyo akipita barabarani mlisimama. Mimi nilikuwa nikipita naye. Sikuwahi kuona mtu akisimama kwa ajili yangu.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 na muuguzi wa hospitali ya wilaya. Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu shemeji amekaa mbele yangu na macho yake nayajua. Yule muuguzi nilimwona mimi kwanza. Nikataka kumpendeza, nikamwambia, "Nina kaka fundi, twende akakupime gauni." Nilimpeleka kwa miguu yangu mwenyewe. Sina la kuongeza. Walibarikiwa mabinti wawili, wakaishi miaka thelathini na saba bila kufunga mlango kwa hasira, na mimi nikaoa baadaye mke mwema ambaye ananikonyeza sasa hivi ninyamaze.

Lakini siwezi kunyamaza kabla ya kufika kwenye makoti, maana ndiyo yaliyotugombanisha. Mimi nilifundisha mpira sekondari, kisha timu ya vijana ya klabu hii kuanzia mwaka 2001. Kabla na baada ya hapo, mara nne niliomba kazi ya kocha mkuu. Mara nne niling'arisha viatu nikakaa kwenye benchi la ofisi, chini ya feni isiyozunguka. Wajumbe waliniuliza habari za nyumbani, wakaniuliza kama nitakunywa chai, wakanishukuru kwa kufika. Mara ya kwanza, mwaka 1999, marehemu alinionya. "Mdogo wangu, usijichoshe. Koti limeshakatwa, na kifua si chako." Nikamjibu, "Wewe una wivu tu." Mimi huyu, jamani, ndiye niliyesema hivyo! Nikaenda. Nilipotoka nilipita dukani nikaona koti limevalishwa lile sanamu, kifua inchi arobaini na nane. Sijawahi kumwonea binadamu wivu kama nilivyolionea koti lile. Tangu siku hiyo niliapa kaka yangu hatanipima. Nguo zangu zote nimenunua za dukani, na zote hunipanda upande mmoja kwa sababu ya lile bega. Niliona afadhali nionekane nimepinda barabarani kuliko kumpa yeye raha ya kuninyoosha.

Mwaka 2017 niliomba mara ya tano. Safari hiyo hawakuniita hata kwenye benchi. Mwezi huohuo marehemu aliacha kushonea klabu, akatuambia macho yamechoka. Tukamwamini.

Tarehe 8 Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi akiwa mezani anakata suruali. Mkono wa kulia ukafa, ule wa mkasi. Mdomo ukaenda upande, lakini maneno yakabaki. Nilikuwa nikienda kila Jumapili kumnyoa ndevu. Jumapili tarehe 26 Mei aliniambia nifungue kabati la chini, nyuma ya vitambaa vya bitana. Nikatoa koti la zambarau. Mikono imeshonwa, bitana imetiwa, kola imelala vizuri. Vifungo hakuna. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya klabu ya tarehe 9 Novemba 2017: kifua arobaini na mbili, mkono ishirini na tano, urefu ishirini na tisa. Jina hakuna.

"La nani hili?" nikamuuliza.

"Lako."

Akanieleza polepole. Usaili ulikuwa umepangwa tarehe 20, lakini karatasi ilifika siku kumi na moja kabla, na aliposoma vipimo alinijua. Alikata siku hiyohiyo. Alishona siku tatu anaimba peke yake. Siku ya nne akanyamaza, akachukua karatasi akaenda ofisini. Akawaambia wasitangaze mtu. Wafanye usaili wa kweli, na mimi niulizwe kama wengine. Wakamshangaa. "Futi, tunakupa ndugu yako. Unataka nini tena?" Akasema hataki kupewa. Wakakasirika, wakamchukua mwingine, na koti la huyo likashonwa na fundi mwingine. Macho yake hayakuwa na shida yoyote.

Nilisimama na wembe mkononi. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" nikamwambia. "Miaka yote natafuta aliyeninyima, kumbe namnyoa ndevu!"

"Wangekuimba wiki tatu," akasema. "Ya nne wangesema kapewa kwa ajili ya kaka yake. Mechi moja ukifungwa, wimbo ungekuwa uleule. Koti limeshakatwa. Ungeuweza?"

"Mimi nilitaka kazi, kaka!"

"Na mimi nilitaka uipate. Kwa kuulizwa."

Watu husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila shabiki anachukia kupeana kazi mpaka anayepewa awe wa kwao. Yeye alikubali uchungu huo, lakini aliuchoma mwilini mwangu bila kuniuliza, na hilo nalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu nilimwambia akiwa hai. Niliweka wembe chini nikaondoka na lile koti, nikamwacha amenyolewa shavu moja. Shemeji ndiye aliyemalizia. Sikurudi kwa siku tisa, na siku hizo tisa nitazijutia mpaka nami niletwe hapa. Niliporudi tarehe 4 Juni hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu. "Umelijaribu?" Nikasema bado. Akafumba macho. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mke wake akiwa amemshika mkono ule wa mkasi.

Jumatano mchana nilijifungia chumbani nikalivaa. Nilitaka lisinitoshe, niwe na neno la kumlaumu. Nikajitazama kwenye kioo. Nguo hiyo haikunipanda popote. Nikalivua, nikaligeuza, nikapima: bega la kushoto limekatwa chini nusu inchi. Karatasi ya klabu haikuandika lolote juu ya bega, na sikumruhusu kunipima tangu mwaka 1999. Nililia mpaka mke wangu akagonga mlango.

Alhamisi, tukiwa tunapanga viti, katibu wa klabu alinivuta pembeni karibu na pipa la maji. Yupo pale mstari wa pili, asijifiche. "Kocha tumeachana naye jana," aliniambia. "Kazi ni yako, mzee. Jumamosi ukimaliza kusoma wasifu, mwenyekiti anasimama anatangaza. Mashabiki wote watakuwepo, watatulia. Wewe niandikie vipimo tu."

Ndugu zangu, nilitamani. Miaka ishirini na mitano nimeitamani kazi hiyo, nimewaonea wivu watu wasiojua kupanga koni uwanjani. Nilitamani mwenyekiti asimame leo, hapa hapa, na ninyi mliomwimba kaka yangu mniimbe mimi walau mara moja, yeye akiwa hawezi kuja kunipanda mabegani. Nikamwambia katibu nitampa karatasi Jumamosi.

Karatasi ndiyo hii ninayosoma. Bwana Katibu, vipimo havimo. Bandikeni tangazo. Waiteni wote wanaoitaka kazi, na mimi mniite, mniulize mpira, msiniulize chai. Nikishinda, koti lipo, na vifungo anavyo shemeji kwenye kopo la uzi. Atavishona siku hiyo. Nikishindwa, litarudi nyuma ya bitana na nitaendelea na vijana wangu. Leo baada yangu hasimami mtu kutangaza kitu. Watasimama wabeba jeneza.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, cherehani moja, tawi zima la mashabiki, na mdogo wake mmoja. Najua mkitoka hapa mtaimba jina lake mpaka geti la tatu, langu hakuna atakayelikumbuka, na mwaka ujao mtamwimba tena. Hata leo amelala na bado amenishinda.

Kaka, uliniuliza nikasema bado. Nimelijaribu. Bega limekaa. Pumzika kwa amani.