Kunde za Mchanga wa Makurunge

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Adila, kaa kushoto, nawe Haidar kaa kulia, na leo msipeane visogo, maana haya nitayasema mara moja tu.

Shamba la Makurunge mtagawana kama dini ilivyoelekeza, hapo sina la kuongeza wala kupunguza. Ninachowausia ni kunde.

Mnakijua kile kipande cha juu, chenye mchanga mweupe, ambako hata magugu huota kwa kusuasua. Baba yenu, Mungu amrehemu, alitaka tukiache. Mimi nikasema hapo ndipo pa kupandia, kwa sababu wengi wetu ardhi yetu ndiyo hiyo na mbolea hatuna. Nikapanda bila kutia hata konzi ya samadi. Zilizopauka sikuzihurumia. Zilizosimama kijani katika ufukara ule nilizichimbua pembeni nikatazama vile vinundu vya mizizini, nikikipasua kimoja nikakuta ndani ni chekundu, najua hii inajitafutia chakula yenyewe. Mbegu zake nazitenga, na msimu ujao nazirudisha palepale kwenye shida. Nilianza Haidar akiwa mgongoni, Adila akinishikia ungo.

Kisha nikaugua, nikalazwa, mbegu zote zikiwa shambani, kwani akiba ilikuwa imeliwa na fukusi. Haidar, ukatoka Mbegani na magunia ya vichwa vya samaki, ukaongeza samadi ya mbuzi, ukakilisha kile kipande ili mama akirudi akute neema. Kunde zote zikastawi, imara na dhaifu zisitambulikane, ukazivuna ukazichanganya katika pipa moja. Nilipofika ulikuwa unacheka kwa furaha. Nikakwambia ahsante, baba. Nikaingia chumbani, nikauma kanga, nikalia. Moyo wangu ulivunjika siku ile na haujaunga mpaka leo.

Adila, ukamwita mdogo wako mharibifu mbele za watu, na tangu hapo hamwamkiani hata siku ya Idi. Mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi nayo huharibu, mwanangu. Nani pwani hii amewahi kufundishwa kuunyima mmea chakula?

Sikilizeni basi. Mbegu zangu zimo mle pipani, zi hai, ila hazina alama usoni. Kipande kile sasa kimenona, hakifai. Vuli ikianza nendeni ng'ambo ya njia, penye mchanga usioguswa, mzipande zote. Haidar, wewe ndiye upande. Utaziona zinapauka, nyingine zinakufa, roho itakuuma, utataka kukimbilia samadi. Adila, hapo mzuie, lakini umzuie kwa upole. Ziacheni zife. Zitakazobaki, mfunzane kuzipasua vinundu, mzirudishe tena, na tena. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Ninyi lishikeni pamoja.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Mimi sitaziona. Hilo ndilo linaloniliza, wanangu, si kufa. Kazi ya umri wangu naiacha pipani, imechanganyika, na siku zimekwisha.

Usilie, Haidar, baba. Radhi yangu unayo, yote. Nawe Adila unayo. Mola awape riziki hata penye mchanga... awape subira... awape watoto watakaokula kunde hizi wasijue nani alizililia.

Adila, mpe mdogo wako mkono. Hapa, juu ya kifua changu. Macho yangu hayaoni tena... Mmeshikana? Niambieni, wanangu... mmeshikana?