Rimu Haijalia

Nje ya lango la kanisa, Garissa, pale Abshiro anapouzia kahawa ya tangawizi, pana benchi lenye miguu mitatu na jiwe. Jumapili ile, mafuriko yamekwisha na mbu wamebaki, saa tatu ilipita na rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mgunga ikabaki kimya. Rimu ndiyo kengele. Mpigaji ni Guleid, mwuza maji wa mkokoteni wa punda, Mwislamu safi. Waumini wenyewe huhamishwa kikazi kila mara, basi kazi ikamwangukia yeye, na miaka kumi na mmoja hajakosa. Rimu isipolia, watu wa kambi ya polisi na wa nyumba za hospitali hawatoki. Aliyeumia zaidi ni Bibi Posta, mwenyekiti wa Kamati ya Kutembelea Wagonjwa, maana leo kamati ilikuwa iitwe mbele ipongezwe. Ipongezwe na viti vitupu?

— Kapewa uhamisho, alisema Hamahama, karani anayengoja barua yake ya uhamisho tangu nywele zikiwa nyeusi.

— Uhamisho wa punda? akadakia Sinodi, askari jela mstaafu. Ameibwa! Wale wa kanisa jipya wana gitaa na ngoma, wamekosa mpiga rimu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Haba gani, na huyu ni mtu mmoja?

— Wanaanza na mwuza maji, watamaliza na mchungaji!

Bibi Posta akafyonza kahawa yake.

— Nyinyi watoto. Guleid ameoa Wajir, mke wa pili. Jumatano nilimwona kwa macho yangu akinunua mtandio.

— Mtandio tu?

— Mwanamume akinunua mtandio na sikukuu haipo, hiyo ni posa.

— Wajir ni karibu, alisema Hamahama. Mimi nasikia Takaba. Wamemfanya chifu.

— Chifu!

— Ndege ya serikali ilipita jana. Ilimfuata nani?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Sinodi kwa huzuni, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mchungaji akachungulia langoni mara ya tatu, akarudi ndani. Hapo mwalimu mgeni, aliyevuka daraja juzi kutoka "Kenya", kama wenyeji wanavyoita ng'ambo ile, akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Huyu Guleid anakaa wapi?

Hamahama akamtazama Sinodi. Sinodi akamtazama Bibi Posta. Bibi Posta, anayejua kila kitanda mjini na nani kakihama, akanyoosha kidole hewani.

— Anakaa... upande ule.

— Upande upi, bibi?

Abshiro akakaza kifuniko cha chupa.

— Kahawa imeisha, eddo, shangazi yangu. Hii ngine si ya kuuza, nabeleka kwa Guleid. Malaria, leo siku ya nne. Na ule mtandio ni wa mama yake.

— Na wewe umekaa tu unatusikiliza! akafoka Sinodi.

— Nyinyi mlikuwa mnajua yote. Nani aliuliza?

Bibi Posta akajitanda leso upya, polepole.

— Hamahama, kapige rimu. Kamati ikiitwa mbele, sema imekwenda kazini.

Wanawake wawili wakakata nyuma ya soko la mifugo. Rimu ikalia kwa mbali, ovyo ovyo, kama sufuria iliyoanguka. Bibi Posta akamshika Abshiro mkono.

— Mwanangu, ukipiga hodi, usiseme mimi ni mwenyekiti.