Pale Besi Inapoingia

Benchi lenyewe limeegemezwa ukutani mwa duka la kinyozi, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja umeongezewa kipande cha tofali. Kila alasiri utawakuta watu walewale. Yupo Subwufa, anayekodisha spika za sherehe, na huongea kama mtu anayeshindana nazo. Yupo Wakili, muuza viatu vya mitumba, aliyepewa jina hilo kwa kupenda ubishi tu, maana mahakamani kaingia mara moja, tena kwa kupotea njia. Yupo Dada wa Kahawa na birika lake juu ya mkaa. Na yupo Fundi Baridi, mtengeneza friji, mgane, mtu mzima asiye na maneno mengi. Siku hiyo Fundi alikaa pembeni kabisa, akanywa kikombe cha kwanza, halafu akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

— Hivi, dabstepu nzuri inakuwaje?

Subwufa alishusha kikombe chake taratibu. Miaka yote waliyokaa pamoja, Fundi hajawahi kuulizia muziki wowote, sembuse ule wa vijana, wa mitambo na besi inayonguruma.

— Fundi, uko salama?

— Nimeuliza tu.

Lakini hakuwa ameuliza tu. Asubuhi ile mwanawe, anayeishi mbali na kufanya kazi kwenye studio ya kurekodi, alikuwa amemtumia wimbo. Alichukua sauti ya marehemu mama yake akiimba jikoni, aliyoirekodi kwa simu enzi hizo bado yuko nyumbani, akaitia ndani ya dabstepu. Kituo kimoja cha redio kilitaka kuupiga mwisho wa wiki. "Baba, ukisema hapana naufuta," kijana aliandika. "Nitakupigia jioni." Fundi alijifungia karakanani akausikiliza. Sauti ya mkewe ikamjia kwa mara ya kwanza tangu wamzike, na kabla hajaishiba, ule mngurumo ukaingia. Akazima. Hakujua kama mwanawe amemheshimu mama yake au amemfanyia mzaha, na kwa mambo ya ngoma kama hizo hakuwa na wa kumuuliza zaidi ya hawa.

— Iliyo bora kuliko zote ni Lori la Kokoto, Subwufa alisema.

Majina ya nyimbo hizo yalikuwa ya Kizungu na yeye hakujisumbua nayo. Kila wimbo aliupa jina lake mwenyewe.

— Inaanza pole pole. Lori linapanda mlima, linapanda, dereva anabadilisha gia. Kimya. Halafu linakumwagia kokoto zote kifuani.

— Hizo ni kelele za ujenzi, Wakili alisema. Mimi natambua rimiksi peke yake. Ile ya tangazo la dawa ya mbu.

— Ile si rimiksi, ile ni redio mbovu.

— Naomba nimalize. Rimiksi ni rufaa. Wimbo watu wameshauchoka, wameshauhukumu, anatokea mmoja anasema hapana, kesi hii isikilizwe upya. Ile ya dawa ya mbu ilishinda rufaa.

— Mimi napenda Jino Bovu, Dada wa Kahawa alisema huku akichochea mkaa. Ukiipiga karibu na jiko, kahawa inachemka upesi.

— Hiyo ni sayansi gani, dada yangu?

— Ya jikoni. Besi inasukuma moto.

— Hilo halina ubishi, Subwufa alisema. Kuna harusi nilipiga besi mpaka keki ikajikata yenyewe. Bwana harusi akabaki na kisu mkononi, hana kazi.

— Na kuku je? Wakili aliuliza, kama anayemhoji shahidi.

— Kuku wanataga. Jirani yangu kuku wake walitaga mfululizo usiku wa sherehe. Tatizo mayai yalitoka yameshavurugwa.

Fundi alikuwa anasikiliza yote haya akisubiri lipite la maana. Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya simu.

— Mnajisumbua bure, Wakili alisema. Aliyebuni dabstepu alikuwa mtu aliyefukuzwa chumbani na mkewe. Akalala jikoni, kichwa kimeegemea friji. Kompresa ikawa inafanya ngrrr, ngrr-ngrr, inatetema, inakata. Alfajiri akaamka msanii. Si kweli, Fundi?

— Friji inayotetema hivyo raba zake zimekufa, Fundi alisema. Angemwita fundi.

Wakacheka, naye akapata nafasi ya kuuliza alilolijia.

— Na kama mle ndani kuna mtu anaimba? Sauti ya kawaida, ya mtu wa nyumbani. Halafu ule mngurumo unakuja kumfunika. Huko si kumvunjia heshima?

Subwufa aliacha mzaha. Kazi yake aliijua, na alipoulizwa kwa dhati alijibu kwa dhati.

— Inategemea besi inaingia wapi. Asiyejua kazi atamkanyaga mwimbaji, hata maneno yake huyasikii. Anayejua atamwacha aseme yake yote kwanza. Mpaka nisikie, Fundi. Kwa mdomo siwezi kukuambia.

— Basi atusikilizishe, Dada wa Kahawa alisema. Hiyo simu anaipapasa tangu amekuja.

Fundi aliitoa. Subwufa akaenda kwenye mkokoteni wake, akarudi na spika ndogo, akaunganisha.

Kwanza ilisikika sufuria ikisuguliwa. Halafu sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu ambaye hadhani anasikilizwa: *Nguo zi kambani, wingu linakuja, mwanangu niambie, nizianue au ningoje...* Akarudia mara mbili, mara ya pili akicheka kidogo katikati. Mlango ukalia. Akanyamaza. Katika kimya kile besi ikaingia, nzito, ya kutoka chini, mpaka kahawa ikatetemeka vikombeni. Fundi alinyoosha mkono kutaka kuizima, kisha akauacha mkono juu ya goti. Baada ya muda ngoma ikatulia, sauti ikarudi, wingu likaja tena, na mlango ukalia palepale.

— Hii imo kwenye tano bora, Subwufa alisema ilipokwisha.

— Tatu, Wakili alisema. Na mimi siipendi dabstepu.

— Si unasema unatambua rimiksi?

— Kuitambua si kuipenda.

Wakaanza kubishana iwekwe juu au chini ya Lori la Kokoto. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Wala hawakumwona mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, mgeni katika mtaa ule, aliyekuwa amesimama kando akingoja kwa adabu wimbo uishe.

— Hamjambo. Nimeambiwa fundi wa friji anapatikana hapa.

— Umefika, Dada wa Kahawa alisema. Ndiye huyo.

— Ahsante. Ila samahanini, huyo mama anayeimba, mbona anaishia njiani? Anafika kwenye wingu, mlango unalia, ananyamaza. Mvua ilinyesha au haikunyesha?

Subwufa alifungua mdomo, akataka kueleza habari ya besi, akaona si alichoulizwa. Wakili alisema suala hilo linahitaji muda. Dada wa Kahawa akamtazama Fundi, na wengine nao wakamtazama.

— Mlango huo ni wa kwangu, Fundi alisema. Na huyo ni mama watoto.

Subwufa aliweka spika chini.

— Alikuwa anaona haya. Aliimba akiwa na mtoto tu. Mimi nikisukuma mlango ananyamaza, ananiuliza nimeshindaje, ananiwekea maji ya kuoga. Hapo mnaposikia mlango ndipo ninapoingia kutoka kazini. Huu wimbo nimeusikia mara nyingi nikiwa uani, ninavua viatu. Naujua mpaka hapo tu.

— Kwa hiyo hujui kama mvua ilinyesha, muuguzi alisema.

— Sijui.

Dada wa Kahawa alimsogezea muuguzi kigoda, akammiminia kahawa bila kuulizwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maduka, na kinyozi ameanza kufagia nywele mlangoni, simu ilipoita.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Umeusikiliza?

— Nimeusikiliza. Na wenzangu pia.

— Baba, kama nimekuudhi niambie tu. Sikuwa na nia mbaya. Ile sauti nilikaa nayo miaka, nikiisikiliza peke yangu. Nikaona siwezi kuendelea kuificha.

— Hujaniudhi. Waambie waupige. Lakini kuna kitu nataka kujua. Mama yako alikuwa anaumaliziaje huo wimbo?

— Hujawahi kuusikia wote?

— Sijawahi.

— Baba, mimi kuimba siwezi. Mimi nabonyeza vitufe.

— Imba hivyohivyo.

Kijana alisikika akikohoa kusafisha koo. Pikipiki ilikuwa inapita, basi Fundi akaibana simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kiganja, akainamisha kichwa. Wale wengine hawakusikia neno. Walichoona ni mabega yake yakishuka kidogo kidogo, kama ya mtu anayetua mzigo bila kutaka kuuangusha. Kijana alipomaliza, Fundi alisema, "Ahsante, baba," akalirudia neno hilo, kisha akakata.

Mwishowe muuguzi ndiye aliyeuliza.

— Ilinyesha?

— Ilinyesha. Nguo zikalowa zote. Akaziacha hukohuko kambani, wakakaa dirishani, yeye na mtoto.

— Wakifanya nini?

— Wananingoja, Fundi alisema.

Alikunywa kahawa iliyobaki, ingawa ilikuwa imepoa, akasimama na kumuuliza muuguzi friji ina tatizo gani. Muuguzi akamweleza, kisha ikabidi amweleze tena.