Nyapara Aliyezibomoa Nyumba Zetu

Mzee Kiprugut arap Sang anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1958, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mbao hapa Elburgon kwa miaka thelathini na mmoja. Walioombwa kuandika habari zake walikuwa kadhaa, na wote wakapatwa na shughuli za ghafla. Ndipo kalamu ikaniangukia mimi, Miraji, mnoaji wa misumeno.

Alianza kwa kuswaga maksai waliokokota magogo kutoka msituni. Maksai mmoja mkaidi hakukubali kuvuta mpaka aimbiwe, na Mzee, ambaye sauti yake ni ya msumeno butu, alimwimbia kila siku huku sisi wengine tukiziba masikio. Mwaka 1941 alifanywa nyapara.

Kila asubuhi alimpa mkono kila mfanyakazi langoni. Wageni walidhani ni adabu tu. Kumbe alikuwa akiutafuta mkono unaotetemeka kwa pombe ya busaa ya jana, na mwenye nao alipelekwa kupanga mbao, mbali na msumeno mkubwa. Ndiyo maana vidole vyetu vimetimia. Mchana alikula nasi ugali wa sufuria moja, jambo ambalo manyapara wengine waliliona aibu.

Kisha ukaja moto wa Februari 1953. Msitu ulikuwa ukiwaka kilimani, na upepo ukiusukuma moto huo kwetu. Meneja alikuwa Nakuru. Kati ya msitu na kiwanda palikuwa na laini ya nyumba zetu, zote za mabanzi makavu. Zikishika, moto ungeruka hadi kwenye mbao na kuifunga njia pekee ya kutokea. Watu wote walimtazama Mzee. Alichukua shoka akaanza na nyumba yake mwenyewe, mkewe Chepkemei bado akitoa vyombo. Halafu akatuamuru tuzibomoe zote na kuyaburuta mabanzi hadi mtoni.

Tulipomaliza, upepo uligeuka. Moto ukaenda zake upande mwingine, haukugusa hata ukuni wetu mmoja.

Sote tunaijua methali ya tahadhari kabla ya hatari. Ya hatari isiyofika sijaisikia. Tulilala chini ya maturubai, na baridi ya Elburgon mnaijua, watoto wakikohoa. Wangeci, mpishi wetu, alimkabili mbele ya watu: "Mzee, umetuvunjia manyumba bure!" Naye akajibu, "Upepo haikuniambia itageuka." Mchana wa siku ya pili alinawa mikono, akaja kwenye sufuria, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Alisimama kidogo, kisha akaenda kukaa juu ya gogo karibu na boila ya kiwanda.

Amekula hapo miaka mitano. Nyumba yake aliijenga mwisho, baada ya zetu zote kusimama. Chepkemei alichoka kungoja, akarudi kwao Londiani. Asubuhi Mzee aliendelea kutupa mkono, nasi tukampa wetu, macho tukayapeleka kando. Iliniuma kumwona, na bado inaniuma.

Husemwa kwamba kiongozi huonekana wakati wa shida. Mimi nasema mtazameni shida ikishapita, watu wanapotafuta wa kumlaumu. Angengoja kidogo tu angekuwa na hakika, na pengine hakika hiyo ingetukuta ndani ya moto. Hatutajua kamwe. Yeye pia hatajua, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitafuna peke yake pale juu ya gogo.

Katika sherehe kama hii mstaafu huandaliwa meza yake pamoja na wakubwa. Wangeci amekataa kuiandaa. Amesonga ugali wa sufuria moja kubwa, na amewaagiza wanaume wasogee mapema.

Asante, Mzee, kwa vidole vyetu, na kwa watoto wetu, ambao siku hizi wanatuuliza kwa nini unakula peke yako. Chepkemei anakungoja Londiani. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na majirani wasiokula bila kukuita.

Lakini lori la kukupeleka haliondoki sasa hivi. Nawa mikono, Mzee. Tumekuachia nafasi.